Kiti cha Kushoto

Jamani, kuna watu mikono yao ina akili kuliko vichwa vyao. Huyu mshona mapazia ninayesimulia habari zake ni mmoja wao, na tabu zake zote zilianza siku alipohama kiti.

Miaka yote ya mbio za magari alikaa kiti cha kushoto. Mume wake, fundi magari, alikaa kulia kwenye usukani. Mume huyo alipasukiwa na tairi la lori gereji, likamharibu mkono wa kushoto hata kikombe ukawa haukishiki sawasawa, sembuse gia. Mtu mwingine angeliuza gari akatulia zake nyumbani. Yeye, kwa ubishi aliozaliwa nao, akamwita mkewe akamwambia, "Mimi nitakuwa miguu, wewe utakuwa mkono." Ikawa hivyo. Mume anakanyaga klachi, anapiga kelele "Haya!", mke anavuta gia. Kwenye uwanja wa ndege wa zamani, ambako wapenda mbio hukutana Jumapili asubuhi kushindana wawili wawili kwenye mstari ulionyooka, watu waliwacheka mpaka wakashika mbavu. Wawili hao walipoanza kuwashinda, kicheko kikawakauka. Wakawabandika majina, Miguu na Mkono.

Lakini kwa Mkono raha haikuwa ushindi. Raha yake ilikuwa kurudi. Mbio zikiisha, helmeti zinavuliwa, gari linageuzwa mwisho wa uwanja na kurudi polepole, injini ikinguruma, na hapo ndipo mke alipokuwa anayatoa ya moyoni. Nyumbani mdomo ulikuwa mzito, garini ulifunguka. Siku moja alimwambia, "Mume wangu, nyumba yetu bila mtoto imekuwa kimya, na kile kimya kinanitisha." Mume akageuka, akatabasamu meno yote nje, akamwonyesha dole gumba. Dole gumba! Mke akageukia dirishani, akameza machozi. Hakuuliza, hakulalamika, ila kinyongo alikiweka, na tangu siku ile garini aliongea habari za mapazia tu.

Sasa Miguu hayupo. Moyo ulimsimama akiwa chini ya gari la mteja, na wenzake waliomvuta miguu walidhani anawatania. Mkono akabaki na cherehani, nyumba ya vyumba viwili, na gari.

Upweke una namna zake za kumsumbua mtu. Huyu ulimjia kwenye kukunja mapazia. Pazia refu hukunjwa na wawili, mmoja huku, mmoja kule, mnakutana katikati. Zamani mume alikuwa anashika ncha ya pili kwa mkono wake mzima na kunung'unika kwamba yeye si kamba ya kuanikia. Siku hizi mjane anaibana ncha ya pili kwenye mlango wa kabati, anakunja kuelekea kabatini, na akifika hapo hakuna wa kukutana naye. Kuna jioni aliacha kazi za watu zimerundikana kitini, akakaa sakafuni akalia mpaka kichwa kikamuuma.

Ndipo akaja shemeji yake, mdogo wa marehemu, fundi naye, aliyerithi gereji pamoja na spana zake.

"Shemeji, usinione mtu mbaya," akasema, akijikuna shingo. "Gari likikaa linaoza. Pikapu yangu ya kazi imekufa injini, na injini ya kaka imelala tu pale."

"Nitaliendesha."

"Wewe? Unajua kuvuta gia tu."

"Basi nifundishe hayo mengine."

Shemeji akacheka, akaona mwenzake hacheki, akaacha. Wakakubaliana. Zikifika mbio za mwisho wa msimu, mjane akilipeleka gari hilo peke yake mpaka mwisho wa mstari kwa gia zote nne, gari ni lake, na shemeji hatalitia mkono tena. Likizimika, au akiachia mafuta njiani, injini inahamia kwenye pikapu. Ilibidi awe peke yake kwa sababu waandaaji walikuwa wameshamwambia Mkono kwamba wawili waliruhusiwa kwa ajili ya ulemavu wa marehemu. Yeye mikono yake ni mizima.

Mizima, ndiyo, lakini we! Siku ya kwanza alipokaa kwenye usukani, kila injini ilipopanda mkono wa kulia ulinyanyuka wenyewe kutafuta gia, ukaenda kugonga mlango. Gia iko kushoto, mama! Mkono wa kulia ulikuwa profesa, wa kushoto hajui hata alifu. Na miguu ndiyo usiseme. Ilizoea cherehani ya kukanyaga, kisigino na vidole vikipokezana, basi akawa anaibembeleza klachi vivyo hivyo, inashika, inaachia, inashika, mpaka moshi ukatoka na harufu ikasambaa mtaa mzima.

"Shemeji, hushoni pazia!" fundi alimfokea. "Kanyaga yote! Achia yote!"

Alijikaza kisabuni. Vifundo vya mkono wa kulia vilichubuka kwa kugonga mlango, mpaka akaufunga kwenye usukani kwa kipande cha utepe wa pazia ili usitoroke. Fundi alicheka hadi akakaa chini. Pole pole mkono wa kushoto ukajifunza, miguu nayo ikaacha ushonaji. Shemeji akikaa kiti cha kushoto na kupiga kelele "Haya!", mjane alibadilisha gia vizuri kabisa, hata wapita njia wakasimama kutazama.

Shemeji akishuka, mambo yanaharibika. Injini inapanda, inalia, inapiga yowe, na mwanamke ameishika gia kimya, macho mbele, kama mtu anayesubiri kuitwa.

Na Jumapili yenyewe ilipofika, kila gari likapewa mkimbio mmoja wa kupasha moto kabla ya mbio zenyewe, usiohesabiwa, naye akafanya vilevile. Gia ya kwanza ikapiga mayowe mpaka watu wakaziba masikio. Akaogopa kuiua injini, akaachia mafuta, akarudi na uso chini. Shemeji akaja mbio, akafungua mlango.

"Unasubiri nini? Hebu niambie, unasubiri nini?"

"Nasubiri aseme." Akaanza kulia mbele za watu, hajali. "Sijui ni lini, shemeji. Yeye ndiye alikuwa anasikiliza injini. Mimi nilikuwa mkono tu."

Fundi akatazama huku na huku, akachuchumaa kando ya mlango.

"Anasikiliza kwa sikio lipi?" akasema. "Lile tairi halikuchukua mkono peke yake. Sikio la kushoto lilikufa siku ileile. Na la kulia, injini ikishapanda, likawa linasikia mvumo tu."

"Muongo wewe."

"Nilikuwepo. Aliniapisha nisikwambie. Alisema ukijua utaogopa, na ukiogopa mkono utatetemeka. Shemeji, kaka alikuwa anatazama vidole vyako. Vifundo vikikaza juu ya gia, anakanyaga klachi, ndipo anasema haya. Ni wewe uliyekuwa unajua. Tangu mwanzo ni wewe."

Mwenye bendera akapuliza filimbi, akaita magari. Shemeji akafunga mlango taratibu, akarudi nyuma.

Mjane akalisogeza gari mpaka kwenye mstari, hana hili wala lile. Pembeni yake alipangwa daktari wa meno mwenye gari jekundu, mtu mpole sana akiwa kliniki na shetani akiwa barabarani. Mjane hakumwona. Alikuwa anakumbuka kitanda chao, jinsi mume alivyong'ang'ania kulala chali upande wa ukutani, ukuta kushotoni kwake, mke kuliani. Alikuwa akimtania, "Mwanaume mzima unajificha ukutani, unaogopa wezi?" Kumbe alikuwa anamwekea mkewe sikio zima! Akakumbuka alivyokuwa akimwita kutoka jikoni, kimya, naye anakasirika, "Unajifanya husikii!" Mungu wangu. Halafu akakumbuka garini. Garini mke alikaa kushoto, upande wa sikio lililokufa, injini ikinguruma. Yale yote aliyoyatoa moyoni wakati wa kurudi hayakumfikia mtu. Mwenzake aliona midomo inacheza baada ya ushindi, akadhani ni furaha, akampa dole gumba.

Kinyongo cha miaka yote ile kilikuwa cha bure, na hakuna tena wa kumwomba radhi.

Bendera ikaenda juu.

Akapiga moyo konde. Akakanyaga mafuta, injini ikajaa. Bendera ikashuka, akaachia klachi yote, gari likaruka, mgongo ukagandamana na kiti. Mlio ukapanda, ukawa mwembamba. Akatupia jicho mkono wake wa kushoto na kuona vifundo vimekaza.

Mguu ukakanyaga. Gia ya pili. Hakuna aliyesema haya, na gari likaenda.

Ya tatu nayo ikaingia bila yeye kufikiri. Daktari wa meno alikuwa mbele, kisha mbele zaidi, na Mkono hakuwa na habari naye. Vidole vikakaza mara ya mwisho, akavuta ya nne, mstari ukapita chini ya magurudumu na injini ikiimba. Ameshindwa kwa urefu wa gari zima, na gari ni lake. Nyuma kule, mdogo sana kwa umbali, shemeji yake alikuwa anarukaruka.

Akapunguza mwendo mpaka mwisho wa uwanja, akageuza, akasimama. Akavua helmeti. Akazima injini.

Kimya kikaingia. Akageuka kushoto, akakitazama kiti alichokikalia miaka yote, kitambaa kimekwisha mahali pa bega lake. Mtu akikaa pale, sikio la kulia ndilo linakuwa upande wa dereva, lile zima. Hakuwahi kuliwaza jambo hilo mpaka dakika ile.

Hakuiwasha injini. Njia ilikuwa na mteremko kidogo, akaachia breki, gari likaanza kuteleza lenyewe bila kelele kurudi kwa watu.

"Mume wangu," akasema. Sauti ilikwaruza, akakohoa, akaanza upya. "Mume wangu, siku ile nilikwambia nyumba yetu imekuwa kimya, na kile kimya kinanitisha."

Gari likateleza.

"Bado kinanitisha," akasema, akaendelea na mengine, moja baada ya jingine, mpaka alipomwona shemeji yake anakuja mbio katikati ya njia, mikono juu. Hapo ndipo aliponyamaza.