Besi Asiyepumua

Kwaya yetu ya hapa Litapunga ina sheria moja ambayo haikuandikwa popote na ambayo hakuna anayethubutu kuivunja. Wimbo mpya hauimbwi kanisani mpaka aliyeutunga ausikie wote, tangu neno la kwanza hadi la mwisho, kisha aseme, "Imbeni." Asiposema, hata kama mmeshashona sare, mtakaa nazo sandukuni.

Zamani sheria hiyo haikumsumbua mtu. Mtunzi wetu ni baba yangu, mzee Leonidas, na masikio yake yalikuwa makali hata akajua nani kala karanga kabla ya mazoezi. Lakini miaka haimwonei mtu haya. Masikio yakaanza kuwa mazito, akaacha kuja mazoezini, kisha akaacha kabisa kuimba, maana alisema mtu asiyejisikia ni kama mtu anayejinyoa gizani. Kutunga tu ndiko hakukuacha.

Mimi ni Emelyne, binti yake. Mchana nashona nguo, jioni nafundisha kwaya, na hasira zangu ni za karibu. Anayekosea sauti namwambia palepale, awe mgeni au shemeji wa mchungaji. Wananiogopa kidogo, na kusema kweli sichukii.

Kwa wimbo wa jubilei ya kanisa tulirekodi mazoezi kwa simu, tukaweka kwenye fleshi, nikaichomeka kwenye redio kubwa ya sebuleni. Baba alitaka sauti hadi mwisho. Jirani akaja kulalamika kwamba kuku wake wameacha kutaga. Sikuamini habari za kuku, lakini hata mimi meno yalikuwa yananiuma, kwa hiyo nikapanda basi la Mpanda kwa fundi Innocent. Akaniuzia hedfoni pamoja na kiamplifaya chake, kisanduku cha ukubwa wa kipande cha sabuni ya mche. Kinachukua sauti kutoka kwenye redio na kuiongezea nguvu mpaka sikio gumu lisikie, na nyumba nzima ikae kimya.

Nilikifunga mwenyewe. Redio ilibaki sebuleni. Kisanduku nikakiweka kando ya kitanda cha baba, kikala umeme wa soketi ya chumbani, na waya mrefu wa muziki nikaupitisha chini ya pazia kuunganisha viwili hivyo. Baba akavaa, akafumba macho, akasikiliza. Mimi nimekaa ukingoni mwa kitanda nikisubiri neno moja tu.

"Kuna besi mmoja hapumui," akasema.

"Baba, kila mtu anapumua."

"Huyu hapumui. Anavuma tangu mwanzo mpaka mwisho, mmm, mmm, hata pale nilipoandika wanyamaze wote. Nani huyo?"

Besi tunaye mmoja wa maana, na baba alimjua vizuri. Ni Ngusa, kijana wa Kisukuma ambaye wazazi wake walihamia huku na ng'ombe wao. Mashemasi wawili tulionao upande wa besi ni wa kujaza benchi tu. Ngusa akishusha sauti, benchi lenyewe linatetemeka. Nilimtaka kwenye kwaya, na kwa kuwa nimeanza kusema kweli niimalizie: nilimtaka hata nje ya kwaya. Baba alikuwa amenusa jambo hilo, na halikumfurahisha.

"Amezoea kuita ng'ombe porini," akasema. "Ng'ombe hawahitaji pumzi. Mtoe."

"Simtoi."

"Basi wimbo hauimbwi."

Nilichukua hedfoni nisikilize mwenyewe. Kwa kuwa baba alikuwa amefungulia sauti ya kupasua ngoma za masikio, nikaipunguza kwanza, kama mtu yeyote mwenye akili. Nikamsikia Ngusa akiimba vizuri na kunyamaza vizuri. Kulikuwa na kitu kidogo kikivuma kwa mbali, lakini nikasema ndivyo mashine zilivyo. Nikamwambia baba anamwonea mtu wa watu. Akageukia ukutani.

Jubilei ilikuwa Jumapili ile. Tulibishana siku nzima, mimi na yeye, mpaka mama yangu, Athanasie, akasema nyie wawili mmetoka tumbo moja la ubishi, na yeye ndiye aliyebeba hasara. Mwisho baba akatoa amri: huyo kijana aje, aambiwe usoni.

Ngusa alikuja jioni kabla jua halijazama, shati jeupe, viatu kavifuta. Akainama mlangoni mwa chumba, akasalimu, "Shikamoo mzee," akasimama mikono nyuma. Baba alikuwa kitandani, hedfoni kichwani, anausikiliza wimbo upya ili awe na ushahidi. Mimi nikaenda sebuleni nikasimamisha wimbo, waweze kuongea.

Niliporudi baba alikuwa amemnyooshea Ngusa kidole. "Unaona? Anaendelea! Wenzake wote wamenyamaza, yeye anaendelea! Nyamaza!"

Ngusa alinitazama. Mdomo wake ulikuwa umefungwa kabisa.

"Mzee," akasema, "mimi nipo hapa."

Nilimvua baba zile hedfoni, nikazivaa bila kugusa kitufe cha sauti. Nusura niruke. Wimbo nilikuwa nimeusimamisha kwa mkono wangu mwenyewe, na bado mle ndani kulikuwa na mvumo mnene, mmm, mmm, kama mashine ya kusaga ya upande wa pili wa kijiji. Huyo ndiye aliyekuwa besi asiyepumua. Nilishikwa na kicheko na hasira kwa pamoja, nikashindwa kuchagua.

Nikampigia Innocent. Akasema, bila hata kufikiri, "Kata pini ya ethi kwenye plagi, itatulia." Nilikuwa nimeweka simu kwa sauti kubwa, na mama akasikia kutoka jikoni.

"Hakati mtu ethi kwenye nyumba yangu!" akapiga kelele. "Radi ya mwaka jana mmeisahau?"

Hakuna aliyeisahau. Iliunguza televisheni ya jirani wa kuku, na tangu siku ile Litapunga yote iliingiwa na wazimu wa vyuma. Watu waliamini kwamba kila chumba kikiwa na waya wake wa ethi, wa kushusha umeme ardhini, na chuma chake kilichofukiwa, radi ikiingia sebuleni haitajua njia ya chumbani. Kwetu sebule ina chuma chake chini ya dirisha, chumba cha baba kina chake nyuma ya bafu. Baba alikuwa akijisifu kwa wageni kwamba yeye analala na ethi yake mwenyewe.

Nilikata simu. Nikachomoa waya wa muziki unaotoka kwenye redio, na mvumo ukafa. Nikaurudisha, ukafufuka. Basi ubaya haukuwa wa redio peke yake wala wa kisanduku peke yake, ulikuja vilipounganishwa. Nikakibeba kisanduku hadi sebuleni, nikakichomeka soketi moja na redio. Kimya. Nikakirudisha kwenye soketi ya chumbani. Mmm.

"Ni hizi ethi mbili," nikasema. "Kila moja ina chuma chake, haziko sawa, zinasukumana umeme mdogo kupitia waya wa muziki. Ndio huo unavuma."

"Zinagombana?" baba akauliza, baada ya mimi kupaza sauti mara ya pili.

"Zinagombana ndani ya masikio yako."

Ngusa alikuwa ameshaelewa. Akachukua ekstensheni ya cherehani yangu, akaichomeka kwenye soketi ya sebuleni, akaivuta chini ya pazia mpaka kitandani. Redio na kisanduku sasa vilikula umeme wa mahali pamoja na kushika ethi moja, na pini zote zilibaki salama plagini. Nikasikiliza kwa kiwango cha sauti cha baba. Hakukuwa na kitu. Kulikuwa na kimya cha kanisa lililofungwa.

Nilimvisha baba, nikauanzisha wimbo tangu mwanzo. Ngusa alitaka kuondoka, nikamkazia macho, akabaki. Ule wimbo una beti tatu, na sijawahi kuona beti tatu ndefu namna ile. Baba hakutikisa hata kope. Mpaka katikati ya ubeti wa pili, ndipo akaanza kucheka.

"Anapumua!" akasema. "Tena anapumua pabaya, anakata neno katikati kama anakata muwa. Njoo hapa wewe."

Ngusa akasogea. Baba akamwekea kiganja kifuani, akamwambia, "Imba." Ngusa akaimba polepole, na kiganja cha baba kikawa kinapanda na kushuka. Alipofika pale pabaya, baba akamgonga kifuani kwa vidole. "Siyo hapa. Subiri. Subiri. Hapa." Wakarudia, wakarudia tena. Baba hakuwa amemfundisha mtu tangu masikio yalipomwacha, na sasa alikuwa anasikia kwa mkono. Niliinama, nikajifanya nanyoosha waya sakafuni.

"Mzee," Ngusa akauliza mwishoni, "tuimbe Jumapili?"

Baba hakusema "imbeni." Alisema, "Wimbo haujaisha. Kuna ubeti wa nne."

Nikamwambia mimi ndiye mwalimu na ubeti wa nne siujui.

"Hukupewa. Unaanzwa na besi peke yake, na sikuwa na besi. Ningewapa nyie mngeuharibu." Akamgeukia Ngusa. "Ni wa watu waliokuja Litapunga kutoka mbali. Nyie nanyi si mlikuja?"

"Tulikuja, mzee. Na ng'ombe."

"Sisi tulikuja na mizigo kichwani. Haya, sikiliza."

Na baba, ambaye alikuwa ameapa kutoimba tena, akajisukuma akakaa wima, akafungua kinywa: *Tulifika na mizigo, leo tunavuna mahindi.* Sauti ilitoka na kutu, ikapanda juu mno, ikashuka mahali pasipo na ngazi. Mama akaja akasimama mlangoni, mwiko mkononi, unga ukidondoka kwenye kanga, wala hakujali. Ngusa alisikiliza kwa adabu yote, kisha akaushika ule mstari, akauimba tena chini kabisa, pale ambapo baba alikuwa amekusudia uwe. Baba alikuwa amerudisha kiganja kifuani kwa Ngusa. Akaitikia kwa kichwa, wakauimba pamoja.

Baba hakupata hata noti moja sawasawa. Nilimsikiliza mpaka mwisho, na sikumwambia kitu.