Kizimba cha Sabini na Nne

Mimi simuuzii mtu kizimba bila kumwona mbwa. Aje na pesa, aje na haraka zake, nitamrudisha nyumbani akamlete mwenye kulala humo. Watu huchagua kizimba cha kitambaa kama wanavyochagua pazia, kwa rangi. Wanataka cha bluu. Mbwa hana habari na bluu. Anataka kusimama bila kuinamisha kichwa, kugeuka bila kugusa ukuta, na kulala akiwa amejinyoosha. Kama unakwenda kwenye maonyesho ya mbwa, nitakupa chepesi cha kukunja, chenye neti pande zote. Kama unakwenda kupiga kambi, nitakupa cha turubai zito, chenye sakafu isiyopitisha maji. Na kama mbwa wako ni mtafunaji, nitakwambia ukweli, kwamba kitambaa hakikufai, katafute cha chuma.

Ukweli huo wa biashara naumudu vizuri. Huo mwingine ndio ulionishinda.

Anayeshona ni dada yangu. Yeye yuko chumba cha nyuma na cherehani, mimi niko mbele na wateja. Mtaani wananiita Mdomo, na jina hilo sikulipata kwa kunyamaza. Nikishapima mbwa, natangaza vipimo kwa sauti, na Dada huvirudia neno kwa neno kutoka nyuma, ndipo anakata kitambaa. Utaratibu huo tuliurithi kwa baba, aliyekuwa fundi wa mahema, na tangu tufungue duka hatujakosea kipimo hata kimoja.

Miaka miwili iliyopita Dada alikuwa na mbwa aliyeitwa Karanga, kwa rangi yake. Hakuwa na mume wala mtoto, alikuwa na Karanga, na kwa Karanga alitosheka. Siku ya maonyesho makubwa Dada aliamka na homa, akanikabidhi mbwa nimpeleke mimi. Nilifika, nikamwacha kizimbani, ndani ya gari, madirisha yamefungwa, nikajiambia naandikisha jina tu, dakika tano. Nikakutana na wateja. Mdomo ukafanya kazi yake. Niliporudi ilikuwa imepita saa nzima na zaidi, na gari huwezi kuligusa kwa moto. Dada alikuwa amemfundisha kukaa kimya akiwa kizimbani, na alikaa kimya mpaka mwisho.

Nilimzika nyuma ya viwanja vya maonyesho. Kisha, Mungu anisamehe, niliketi chini nikafumua mshono wa zipu, uzi mmoja mmoja, jinsi baba alivyotufundisha kufumua bila kukata. Nikamwambia Dada zipu yake iliachia, mbwa akatoroka.

Aliniamini. Hakunilaumu hata kidogo, alijilaumu yeye. Tangu siku ile anashona kila zipu mara tatu, mpaka vidole vimeota sugu, na kila mwisho wa mwezi huenda viwanjani kumwita Karanga kwa jina. Mimi humwona akirudi, nikamwekea chai, nikasema pole. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu ilikuwa imefika miaka miwili na bado nilikuwa nikiikanyaga kila asubuhi.

Sasa, Jumanne moja, saa sita mchana, aliingia mama mmoja mwenye udongo kwenye viatu, mikono mitupu.

"Karibu, mama. Mbwa yuko wapi?"

"Ukinicheka, naondoka."

"Mimi nacheka hata msibani. Usinijali, sema tu."

Hakutabasamu. "Simwoni. Lakini nimempima."

Alieleza taratibu, kama mtu aliyekwisha kueleza nyumbani kwake akapuuzwa. Anaishi nyuma ya viwanja vya maonyesho. Tangu aanze kulima kile kipande cha nyuma, kuna kitu kinamfuata. Akikaa, kinalala juu ya miguu yake, kizito, kina joto. Kinahema. Mume wake anasema ameanza kuchanganyikiwa. Ijumaa wanakwenda kambi na watoto, naye anajua huyo rafiki yake atataka kuja.

"Ila magari anayaogopa," alisema. "Nikikaribia gari tu, anatetemeka mpaka miguu yangu inatetemeka. Nikasema labda akiwa na mahali pake atatulia."

"Umempimaje, mama, mtu usiyemwona?"

"Kwa kiganja, akiwa amelala. Halafu nikapima kiganja kwa rula."

Hapo ningemwambia sheria yangu, hakuna mbwa, hakuna kizimba, mchana mwema. Lakini nilitaka nipate cha kuwasimulia watu jioni. Nikachukua kalamu.

"Haya, taja."

"Urefu sentimita sabini na nne. Kimo akiketi, sitini na moja. Na mguu wa nyuma wa kushoto hupenda kuunyoosha pembeni, kwa hiyo ongeza nne upande huo."

Kalamu ilisimama. Miaka kumi na moja ya duka hili, tulishakata kizimba cha namna hiyo mara moja tu. Ningeweza kuandika uongo, ningeweza kukohoa. Lakini mazoea yana tabu, na mdomo wangu ulikuwa tayari umefunguka.

"Sabini na nne! Sitini na moja! Kushoto ongeza nne!"

Cherehani ikanyamaza. Nilingoja sauti ya Dada ivirudie. Haikuja.

Akatoka mwenyewe, futi ya kupimia ikiwa shingoni, amebeba kitu kilichokunjwa. Nilikitambua kabla hajakikunjua. Sikujua kwamba alikuwa bado nacho. Alikuwa amekishona upya, zipu mistari mitatu, akakihifadhi kwa siku ambayo mbwa wake angerudi.

"Kipimo hiki ninacho tayari," alimwambia yule mama. Mimi hakunitazama.

Tulikisimamisha katikati ya duka. Yule mama akainua pazia la mlango wa kizimba, akangoja kidogo, akasema kwa upole, "Haya, ingia."

Niliona kigodoro cha ndani kikibonyea mbele, kisha nyuma. Kitu kilizunguka mara moja, mara mbili, kama mbwa wafanyavyo wakitafuta namna ya kulala. Halafu ukuta wa kushoto ukatuna, chini kabisa, pale mguu unaponyooshwa. Dada alipiga magoti sakafuni, akafunga zipu, kwa sababu ndivyo tunavyojaribu vizimba. Unafunga, unangoja dakika kumi, unaona kama mbwa anatulia.

"Na hii zipu?" mama aliuliza. "Haiwezi kuachia?"

"Sitakuficha," Dada alisema. "Niliwahi kushona moja ikaachia. Nikampoteza mbwa ambaye sitapata mwingine. Kama una wasiwasi, mama, nenda kwa fundi mwingine, sitachukia."

Nilisikia aibu. Alikuwa akiungama kosa langu mbele ya mgeni, kwa adabu kabisa, huku mimi nimesimama na kalamu.

Kuhema kukaanza. Kwanza polepole, kisha haraka, kisha kwa ule mkwaruzo wa koo lililokauka. Duka lilikuwa na ubaridi, feni inazunguka, lakini neti ya kizimba ilianza kulowa kwa ndani, matone yakateremka.

"Ana joto," Dada alisema. "Ana joto sana, mtoe!"

Alivuta zipu. Haikusogea. Alivuta kwa mikono miwili, akaweka goti, akavuta tena.

"Nimeishona sana," alisema. "Mara ile nilishona kidogo, mara hii nimeshona sana. Kaka, lete mkasi! Mikono yangu ina laana gani?"

Mkasi ulikuwa mezani, karibu na mkono wangu. Sikuuchukua. Nilijua hautakata.

"Dada," nilisema. "Zipu haikuachia."

Aliendelea kuvuta.

"Haikuachia siku ile. Niliifumua mimi. Nilimwacha ndani ya gari juani, nikaenda kupiga soga. Nilimkuta amekufa. Nilimzika nyuma ya viwanja. Mikono yako haina kosa, Dada. Haijawahi kuwa na kosa."

Kuhema kulikoma. Zipu ikafunguka yenyewe mkononi mwake, laini, kama siku iliposhonwa.

Dada aliingiza mkono ndani, akauacha humo muda mrefu, kiganja kikienda mbele na nyuma juu ya kitu chenye kimo. Yule mama alikuwa amejifunika mdomo kwa kitambaa chake cha kichwa.

"Alilia?" Dada aliuliza. Hakunigeukia.

"Sijui. Nadhani hakulia. Mtu angesikia."

"Mimi ndiye niliyemfundisha asilie."

"Hapana. Na hilo usilichukue. Ni langu lote."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kofi, kwa kilio, kwa kufukuzwa. Kati ya hayo hakuna lililokuja, na kwa kweli ningeshukuru lingekuja. Alisimama, akavua futi, akamwambia yule mama, "Utatuonyesha hicho kipande unacholima?"

"Nitawaonyesha. Ndiyo maana alikuwa hatulii kwangu. Ana wenyewe."

Dada akafunga zipu nusu, akaacha nafasi ya kichwa kutoka. "Kibebe," aliniambia.

Kizimba kitupu cha saizi ile nakibeba kwa vidole viwili. Hiki nilikikumbatia kwa mikono yote, nikatembea nimepinda mgongo mpaka nje, na joto lake likinipita kwenye shati. Tulipofika karibu na gari kilianza kutetemeka. Kilitetemeka mpaka meno yangu yakagongana, nami nikasimama nisijue la kufanya.

"Fungua madirisha," Dada alisema.

Nikakiweka chini kivulini. Nikafungua madirisha yote manne, na milango yote, na buti pia. Dada aliketi chini kando ya kizimba. Mimi nilibaki nimesimama juani, tukimsubiri atulie.