Sinyati

Mkuu wa mafunzo aliniambia nimefeli kwa sauti ya mtu anayekujulisha kwamba chai imepoa. Alisimama mlangoni mwa Kibanda, miwani kaipandisha kichwani, mkono mmoja mfukoni. Mimi nilikuwa bado nimefungwa mkanda kwenye kiti cha rubani, jasho linanitiririka mgongoni, na skrini zote mbele yangu zimegeuka nyekundu kwa sababu nilikuwa nimeibamiza helikopta kwenye genge la mlima.

Kibanda ndilo jina tulilokipa kile chombo cha kuigizia urukaji: chumba cha rubani kilichokatwa kwenye helikopta chakavu, kikazungushiwa skrini zinazoonyesha milima, mvua na mawingu. Kililetwa kwenye kituo chetu cha uokoaji wakati mimi niko nyumbani nalea. Wenzangu walikuwa wameshakizoea. Mimi nilijifunzia kuruka kwenye milima yenyewe, na sasa ili nirudishiwe kiti changu ilibidi kwanza nifaulu mtihani humo ndani.

"Kukaa nyumbani kunaufifisha mkono," alisema. "Si kosa lako. Kuna nafasi kwenye dawati la kupanga zamu. Kazi safi, na jioni mapema uko na mwanao."

"Mkono wangu haujafifia, Mkuu. Ramani ndiyo iliyonigeuzia dunia."

"Ramani ni hiyo hiyo kwa wote, na wenzako wanafaulu. Alhamisi utarudia. Ukifeli tena, ni dawati."

"Dawati kakalie wewe," nilisema, nikafungua mkanda. Nadhani alisikia. Nilitaka asikie.

Kilichotokea ni hiki. Mtihani unakutaka uielekeze pua ya helikopta kwenye genge, utulie hewani, umshushe mwokoaji kwa waya wa winchi hadi kwa majeruhi. Ukungu unafunika na kufunua. Nilitulia vizuri tu, upepo ukanisukuma nyuma kidogo, kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni. Hapo ramani kwenye dashibodi ikajigeuza yote. Genge lililokuwa mbele yangu likaonekana liko nyuma. Ukungu nao ukafunika wakati huo huo, nikaiamini ramani, nikalikimbia genge la nyuma kwa kwenda mbele.

Jumapili shemeji yangu alikuja nyumbani na kompyuta yake begani. Ni mdogo wake mume wangu, na ndiye fundi wa Kibanda. Tangu niolewe hajawahi kuniambia jambo la maana bila kunitania kwanza.

"Nasikia umevunja mlima wa watu," alisema, akimnyanyua mtoto sakafuni.

"Nasikia wewe ndiye uliyeufunga vibaya."

Alicheka, akawasha kompyuta mezani, katikati ya vikombe. Ana mchezo wake wa helikopta anaoruka nao akiwa mapumzikoni, na humo ameweka ramani ile ile ya Kibanda. Aliituliza helikopta yake hewani, akairudisha nyuma taratibu. Ramani ikapinduka. Akaipeleka mbele kidogo, ikarudi sawa.

"Umeona? Hii ramani ilitengenezwa kwa ajili ya ndege za mabawa," alisema. "Ndege ya mabawa hairudi nyuma. Kwa hiyo ramani inajua jambo moja tu, kwamba unakokwenda ndiko pua ilikoelekea."

"Na helikopta?"

"Helikopta ni kama wewe, shemeji. Inaweza kurudi nyuma huku imekukazia macho."

Mume wangu alicheka akiwa jikoni. Nikawaacha wacheke, nikauliza kile kilichokuwa kinanikereketa: hao wengine wanafaulu vipi?

"Wananyata," alisema shemeji. "Wakishatulia hewani wanaisukuma helikopta mbele kidogo kidogo, isisimame kabisa. Maadamu inakwenda mbele, ramani haigeuki. Mkuu mwenyewe ndiye anayewafundisha. Anauita mkono wa kituo."

Kisha akanionyesha kazi yake. Alikuwa ameandika programu fupi: mwendo ukishuka sana, ramani inaacha kuuliza unakwenda wapi, inaiuliza dira pua imeelekea wapi. Alirudisha helikopta nyuma, akaipeleka ubavu, akaizungusha pale pale. Ramani ikakaa na pua kama mtoto aliyeshikwa mkono. Alishampelekea Mkuu, akajibiwa kwamba ramani ya Kibanda imeidhinishwa na haiguswi.

"Alhamisi asubuhi naweza kuiweka," alisema kwa sauti ya chini. "Hakuna atakayejua."

"Wewe na mimi tutajua. Na ikija kujulikana, watasema nilitengenezewa mtihani na shemeji yangu. Usiiguse."

Mume wangu alikuja akijifuta mikono. "Basi nyata," alisema. "Siku moja tu, mke wangu. Ukishapata kiti chako, tulia maisha yako yote."

Niseme ukweli, maneno yake yaliniingia. Nilikitaka kile kiti. Nilikitaka kuliko nilivyothubutu kumwambia mtu, na kunyata si dhambi.

Jumatatu nilipita chumba cha vifaa na kumkuta Kamba. Ndivyo tunavyomwita mwokoaji wetu, yule anayening'inia kwenye winchi. Kifua chake kingeweza kuziba mlango, na mimi na yeye tumetoa watu wengi milimani. Alikuwa kavua shati anajichua bega. Bega lilikuwa jeusi, na ubavuni kulikuwa na michubuko mingine, mipya juu ya ya zamani.

"Nani kakupiga?" nilimuuliza.

"Mlima." Alicheka bila raha. "Marubani wa siku hizi hawatulii, dada. Nikiwa kule chini nahisi waya unanivuta kuelekea mwambani. Polepole, lakini hauachi. Napiga kelele kwenye redio simama, simama, wanasema tumesimama. Na wanaapa."

"Umeanza lini huu mchezo?"

Akafikiri. "Ulikuwa umeshaondoka. Kilipokuja Kibanda."

Nilikaa kwenye benchi. Hawakuwa waongo wale vijana. Huko milimani walikuwa wananyata bila kujua. Ramani ya Kibanda ilikuwa imewafundisha mikono yao kwamba kusimama ni kwenda mbele kidogo, nao wakaubeba mkono huo hadi kwenye helikopta za kweli, ambako chini kuna mtu na mbele kuna jiwe. Nilimweleza Kamba yote, ramani na mkono wa kituo. Alivaa shati akikosea vifungo kwa hasira.

"Alhamisi winchi ya mtihani nitaiendesha mimi," alisema mwishowe.

Nyumbani nilimwambia mume wangu kwamba sinyati, hata siku moja, hata kwa kuigiza. Alinitazama, akaona hakuna njia, akaniuliza kama nitakula.

Alhamisi Mkuu alikaa nyuma yangu na ubao wake wa alama. Kamba alikaa pembeni mbele ya skrini ya winchi, ambayo inaonyesha waya na mtu anayening'inia. Shemeji alikuwa chumba cha pili kwenye mitambo, tunamsikia kwa vipokea sauti vya masikioni. Nilipanda mlima, nikalipata genge, nikaielekeza pua, nikatulia. Upepo ukanisukuma nyuma. Ramani ikapinduka.

"Nyata," alisema Mkuu masikioni mwangu, kwa upole kabisa. Alikuwa ananisaidia, na hilo ndilo lililonikera zaidi.

"Sinyati."

"Usiwe kichwa ngumu. Kidogo tu."

Nilinyoosha mkono nikaizima ramani. Kanuni inasema ukiizima umefeli, na niliijua kanuni. Nikatafuta jiwe moja kwenye dirisha la pembeni, nikalishikilia kwa macho. Ukungu ulipolifunika nilisubiri na mkono wangu ukasubiri nami. Kamba akawa ananielekeza: kushoto kidogo, hapo hapo, anashuka, amefika. Waya ulisimama wima tangu mwanzo hadi majeruhi alipofungwa na kuvutwa juu.

"Umezima ramani," alisema Mkuu. "Umefeli. Nasikitika. Toka tuite anayefuata."

"Sitoki."

"Unasemaje?"

"Sitoki kwenye kiti hiki mpaka ukae hapo kushoto, uitulize wewe. Ukitulia, naenda dawatini leo hii na sitafungua mdomo tena."

Alimgeukia Kamba, nadhani ili wacheke pamoja. Kamba alikuwa amefungua vifungo vya shati na kulivuta kando. Alimwacha aangalie. Mkuu aliliangalia lile bega kwa muda, kisha akaweka ubao chini, akaingia kiti cha kushoto, akafunga mkanda. Si mwoga yule mtu, nampa haki yake.

Shemeji akaturudisha kwenye genge. Mkuu akashika usukani, ramani inawaka. Kwenye skrini ya Kamba waya ulianza kulala.

"Unakwenda mbele, Mkuu," alisema Kamba.

"Nimesimama."

"Hapo nimegonga."

Mkuu akanyoosha mkono na kuizima ramani mwenyewe. Tukaanza upya. Sasa hapakuwa na kitu cha kumdanganya, palikuwa na mkono wake tu. Waya ukalala tena, polepole, kuelekea mwambani.

"Nimegonga," alisema Kamba.

Akarudia. Alikaza macho kwenye jiwe langu, mishipa ya shingo imemtoka. Waya ukalala vile vile.

"Nimegonga."

Mkuu aliachia usukani, akautazama mkono wake wa kulia kama ni wa mtu mwingine. Tangu Kibanda kilipokuja, kila kijana aliyepita pale alipita kwenye mkono ule. Nilikuwa nimeandaa maneno makali ya kumpa vidonge vyake, na nilikuwa na haki nayo. Niliyaacha, kwa sababu nilimwona anawahesabu vijana wake kimoyomoyo.

"Weka mkono wako juu ya wangu," nilimwambia. "Usisukume. Usikie tu."

Akauweka. Ulikuwa na baridi. Nikaituliza helikopta mbele ya genge, upepo ukatusukuma, nikairudisha pale pale, na nikausikia mkono wake unataka kwenda mbele na wangu unaukatalia. Tulikaa hivyo hadi ulipoacha kutaka.

"Fundi," alisema kwenye kipaza sauti. "Ile ramani yako ya dira. Iweke. Kibali nitakipigania mimi."

"Sasa hivi?" aliuliza shemeji.

"Sasa hivi. Na kuanzia kesho vijana wote wanarudia. Hakuna anayeruka na Kamba mpaka atulie." Akanielekeza kidole. "Huyu hapa amefaulu."

Akafungua mkanda, akabaki amekaa, na nikajua anasubiri neno la asante. Sikumpa. Mtu anapokurudishia kilicho chako huna haja ya kumshukuru, unakipokea tu.

"Usitoke, Mkuu," nilimwambia. "Shika tena. Bado unagonga."