Msumari wa Barabara ya Chumvi

Haya ninayoyaandika ni kweli tupu, na atakayebisha aje hapa Tin Kettle mwezi wa Januari, asimame nje saa saba mchana bila kofia, ndipo tubishane. Ulimi wake usipokauka kabla ya neno la pili, nitakubali kuwa mimi ni muongo. Naapa kwa magoti yangu yote mawili, likiwemo lile la chuma.

Januari ile joto lilivuka mipaka. Kivuli changu kilikuwa kinanifuata hadi mlangoni, kinalichungulia jua, kisha kinarudi ndani kulala. Kunguru walikuwa wanakwenda kwa miguu. Mmoja nilimwona kwa macho yangu kando ya barabara kuu, ameinua bawa, anaomba lifti ya kwenda Adelaide, mji wa pwani. Sisi wenye akili tulikuwa ndani ya ardhi. Hapa kwetu mtu hajengi nyumba, anachimba. Watu walikuja kutafuta opali, vile vito vya rangi zote, wakatoboa vilima, opali ilipoanza kuadimika wakaingiza vitanda kwenye mashimo wakakaa. Ndani ya kilima ni baridi, hakuna inzi, na ukitaka kabati jipya unachukua sululu.

Jirani yangu ni Zorka Vuletić, mjane, umri wake haulizwi. Kati yetu kuna ukuta wa mwamba. Akiugonga kwa mwiko, najua kahawa imeiva. Shimo lake alilichimba pamoja na marehemu mumewe, chumba baada ya chumba, na kwenye dari ya jikoni kuna mstari mwembamba wa opali ambao hawakuung'oa hata mwaka ule waliokosa unga. Siku hiyo niligongewa, nikaenda, nikamkuta Damir.

Damir ni mwanawe wa pekee. Alizaliwa humo humo shimoni, ila siku hizi anauza viyoyozi Adelaide. Alikuwa amekuja na gari jeupe la kukodi, na kwenye buti lake rundo la maboksi matupu.

"Mama, nimekuja kukuchukua," akasema, hata kiti hajakikalia vizuri.

"Kunipeleka wapi?"

"Si tulishaongea? Kuna fleti nzuri, dirisha linaangalia bahari. Tena ina lifti."

"Mimi nikitaka kushuka nashuka. Lifti ya nini?"

"Mama, msimu mzima wa joto umejifungia humu kama panya. Hutoki. Siku ukianguka nani atajua?"

"Nani kakwambia sitoki?" Zorka akanigeukia. "Clarrie, mwambie."

Mdomo wangu ulikuwa umejaa burek yake, ule mkate wa kukunja wenye jibini, lakini rafiki akikuita vitani huombi dakika ya kutafuna. "Hatoki?" nikasema. "Mama yako? Jumapili zote tuko matembezini! Juzi tu tulikuwa Ziwa la Chumvi, tukacheza kriketi kutwa nzima. Jua lenyewe ndilo lililoomba kupumzika."

Damir akacheka kwa pua. "Mzee Clarrie, wewe ndiye uliyeniambia mijusi hutaga opali. Nilikaa na mjusi kwenye boksi la viatu likizo nzima."

"Ulikosa subira. Ulimwachia akiwa karibu."

Zorka akapiga meza, vikombe vikaruka. "Kesho," akasema. "Ziwa la Chumvi, kutwa nzima. Mimi, wewe, na huyu muongo awe shahidi. Wa kwanza kusema turudi nyumbani ameshindwa. Nikisema mimi, napanda gari lako na vyombo vyangu ndani ya maboksi yako. Ukisema wewe, unarudi na maboksi matupu, na habari ya fleti nisiisikie tena mpaka mnizike. Na mtanizika humu humu."

"Mama, redio imesema kesho mtu asitoke."

"Redio haikuzaliwa hapa. Unaogopa?"

Hakuna mtoto wa Tin Kettle anayeweza kulijibu swali hilo kwa ndiyo. Damir akanyoosha mkono, mama yake akaupiga kofi.

Asubuhi tukapakia madumu ya maji, sepetu, burek, chupa ya chai, kisha tukasimama dukani kwa Stavroula. Usipopita kwa Stav hujasafiri. Ukutani kwake kuna misumari, kila barabara na msumari wake. Ukienda jangwani unatundika ufunguo wa nyumba yako kwenye msumari wa njia unayoishika, ukirudi unauchukua. Jua likizama ufunguo bado unaning'inia, kila mwenye gari anaacha sahani yake mezani na kuifuata barabara hiyo mpaka akupate. Wengi hapa wako hai kwa sababu ya msumari. Mtu anaweza kudanganya kuhusu opali, kuhusu mke, kuhusu ukubwa wa nyoka. Msumari haudanganywi.

Nilishuka mimi na ufunguo wa Zorka, wao wakabaki garini.

"Na joto hili mnakwenda wapi?" Stav akauliza kutoka nyuma ya mizani. Ni mwanamke mpana, na macho yake yanafika sehemu kabla yake.

Nikauangalia msumari wa Barabara ya Chumvi. Nikiutundika pale, Stav anampigia simu nesi, nesi anamwita polisi, polisi anaziba njia. Zorka angeshindwa bila hata kupigana. Nao msumari wa Kijito ulikuwa hapo hapo kando yake. Kijitoni ni karibu, kuna miti, hata watoto wa shule hupelekwa.

"Hapo Kijitoni tu," nikasema, na mkono ukafuata mdomo. "Tunakula chini ya miti, tunarudi."

"Zorka yuko vizuri?"

"Anang'aa, Stav. Anang'aa."

Tulipotoka mjini Zorka akateremsha vioo vyote na kukizima kiyoyozi. "Nimekuja kutembea," akasema. "Sikuja kukaa kwenye friji." Upepo ulioingia ulikuwa kama wa mlango wa tanuri. Damir aliuma meno, shingo imekuwa nyekundu. Simu yake ilikosa mtandao tulipopita kilima cha mwisho, akaiweka mfukoni kama mtu anayezika ndege.

Ziwa la Chumvi ni jina tu, maji halina. Ni chumvi nyeupe mpaka macho yachoke. Ukikaa ukingoni hupati shida. Shida ni ile chumvi ya juu, ngumu kama sahani, na chini yake matope yanayokungoja tangu kabla ya babu yako. Kila mtu hapa analijua hilo, na Damir alilijua kuliko mimi. Lakini alitaka kumwonyesha mama yake kwamba yeye naye si mtu wa lifti, akaliingiza gari ziwani kwa mbwembwe. Mimi ningemwonya, ila nilikuwa katikati ya hadithi ya ngamia aliyejifunza kuendesha trekta, na ngamia alikuwa ndiyo kwanza anatafuta gia.

Sahani ya chumvi ikapasuka. Gari likakaa chini kama ng'ombe aliyechoka, matairi yote ndani, bomba la moshi ndani, injini ikakohoa ikazima.

Inzi wakafika.

"Pazuri hapa," akasema Zorka. "Tushuke."

Alilowesha shuka, akajifunika kichwa, akachukua sepetu, akaenda ukingoni penye udongo mgumu na kuanza kuchimba. Damir akamwangalia kidogo, kisha akavua shati na kumnyang'anya sepetu. Sasa hapo ndipo nilipomkumbuka yule mtoto wa zamani. Alichimba kama watu wanavyochimba kwetu, udongo unatupwa nyuma bila kuangalia, dari inaachwa nene. Mpaka jua linakaa utosini tulikuwa na pango la kututosha watatu, tumejibanza ndani tukinywa chai ya moto.

"Ulikuwa unataka kusema kitu, mwanangu?" Zorka akauliza.

"Hapana, mama. Wewe je?"

"Mimi niko likizo."

Wakatazamana. Zorka alizaa mtoto mmoja tu, na ukaidi wake wote akaumalizia hapo. Midomo ya Damir ilikuwa imepasuka. Mikono ya Zorka ilikuwa inatetemeka akimimina, nikaona, na Damir akaona, na Zorka akatuona tukiona.

"Chai ndiyo nzito," akasema.

Damir akaegemeza kichwa kwenye udongo. "Poa tu. Hatuna wasiwasi. Jua likizama Stav atauona ufunguo, watakuja."

"Watakuja," Zorka akaitikia.

"Ya nini kusumbua watu?" nikasema. "Gari tulisukume wenyewe. Sasa hivi. Mimi naanza."

Sijawahi kujitolea kusukuma kitu tangu goti langu lilipobadilishwa. Zorka akageuza kichwa taratibu ndani ya lile shuka.

"Clarrie."

"Naam."

"Ufunguo wangu uko msumari gani?"

Nikafikiria kusingizia kimbunga. Nikafikiria mwizi wa funguo kutoka Sydney. Macho yake hayakupepesa. "Wa Kijito," nikasema.

Damir alitamka maneno ambayo mama yake alimfundisha asiyatamke. "Watatutafuta upande wa pili wa dunia! Mzee, umetuua!"

"Nilitaka asizuiwe! Stav angempigia nesi!"

"Nyamazeni," Zorka akasema, akainuka, akashikilia ukuta wa pango mpaka miguu ikamtii. "Sijafa kwa njaa, sijafa kwa mgodi kuporomoka, halafu nife kwa sababu ya Clarrie? Nitaonekanaje?" Akaliendea gari huku chumvi ikipasuka chini ya viatu vyake. Akafungua buti na kuanza kuyatupa maboksi nje.

"Mama, hayo ni ya vyombo vyako."

"Vyombo vyangu viko kabatini, havijalalamika. Pasua."

"Mama..."

"Pasua, Damir. Chini ya matairi. Utakaa hapa kutwa unaangalia boksi?"

Damir alilishika la kwanza kwa muda mrefu. Kisha akalichana. Tukachimba matope kwa sepetu, kwa sahani, kwa mikono, tukayasindilia maboksi mbele ya kila tairi na kulizibua bomba la moshi kwa kijiti. Zorka akashika usukani, maana ndiye mwepesi, sisi tukasukuma. Gari likapanda boksi, likazama, tukaongeza boksi. Mpaka tunalifikisha ukingoni jua lilikuwa limeshuka, na kule nyuma maboksi yalikuwa yamelazwa kama zulia la arusi ya nguruwe.

Zorka hakuingia garini kama tulivyotazamia. Alikaa kwenye mdomo wa pango, akafungua kitambaa cha burek, akala polepole akiangalia ziwa linavyogeuka waridi. Alichukua kipande cha pili. Akakifuta vumbi ambalo halikuwepo.

Damir alisimama mbele yake, chumvi kwenye ndevu, matope mpaka masikioni, amechoka mpaka macho yanafumba yenyewe. "Mama," akasema, "twende nyumbani."

Zorka akaacha kutafuna. "Umesemaje?"

Damir akatambua. Angeweza kubisha, na mimi kama shahidi ningeweza kununulika, lakini hakubisha. Akacheka, midomo ikamuuma, akaishika.

"Nyumbani wapi? Adelaide?"

Akanyoosha kidole upande wa Tin Kettle. "Nyumbani, mama. Nina kiu."

Zorka akakunja kitambaa kwa pembe zake zote. "Basi endesha. Na hicho kiyoyozi sasa kiwashe, matembezi yamekwisha."

Tulifika mjini mwanga wa mwisho ukikatika, na mji ulikuwa mtupu. Hapakuwa na gari hata moja, mbwa wamebaki wanalinda sahani. Mlangoni mwa duka alisimama Stavroula peke yake, ufunguo wa Zorka umening'inia kwenye kidole chake.

"Watu wote wako Kijitoni," akasema. "Nesi yuko Kijitoni. Polisi yuko Kijitoni. Mzee Yannis, na mguu wake wa bandia, amepandishwa juu ya mti anaita majina yenu. Kwa hiyo niambie, Clarrie. Mlikuwa wapi?"

"Stav, huwezi kuamini. Tulikuwa pale pale Kijitoni, tumekaa, mara kimbunga kikalinyanyua gari..."

Stav akalitazama gari. Lilikuwa jeupe kabla, lakini sasa weupe wake ulikuwa mnene, wa maganda ya chumvi mpaka kwenye vioo. Akakwangua kwa ukucha, akaonja.

"Kimbunga," akasema.

Nikamtazama Zorka. Nilimtazama kwa macho ya mtu aliyedanganya kwa ajili yake mara mbili kwa siku mbili.

"Ni yeye," Zorka akasema. "Alidanganya msumari kwa mkono wake. Mpe anachostahili."

Sheria ya msumari ni ya zamani kuliko duka. Aliyewatoa watu mezani bure anawabebea barafu, kila aliyetoka kumtafuta, mlango kwa mlango, kwa miguu, saa ya jua kali, mpaka mvua ya kwanza. Na mvua ya kwanza hapa wengine hufa hawajaionja.

Nikaanza siku iliyofuata. Ndoo ya barafu mkono huu, ndoo ya barafu mkono huu. Kivuli changu kilifika mlangoni, kikaangalia nje, kikaniambia nitangulie. Nikamaliza mji mzima, mlango wa mwisho ukawa wa Zorka. Alikuwa amekaa kizingitini, Damir kando yake anakula, gari limeshaoshwa, buti halina kitu.

"Mimi sikutoka kukutafuta," Zorka akasema, "lakini ufunguo ni wangu." Akachungulia ndani ya ndoo. "Hii nusu maji. Ulipitia wapi?"

"Kuna kunguru alinisimamisha njiani," nikasema. "Alikuwa anauliza gari la Adelaide."

"Mwambie linaondoka kesho, na nafasi ipo, maana halina mizigo," akasema Zorka. "Sasa rudi kwa Stav kachukue nyingine."

Nikarudi.