Miamba ya Nuu

Kwenye baraza la Nuu, bara kavu mbali na bahari, Kanyiva alisimama akasema, kwa ulimi wa Kikamba, wanataka "mambomba" ya maji, yaani mabomba. Tangu punda wake afe, alikuwa akibeba mtungi wa lita ishirini mgongoni kwa kamba ya kichwani, kilomita saba, na shingo ilikuwa imeanza kumkatalia. Karani alikuwa Nzomo, Mkamba mwenzao, ila alikuwa amekaa Nairobi miaka miwili na kurudi na ugonjwa wa kusahihisha Kiswahili cha watu. Alisahihisha "mambomba" mpaka ikawa "miamba." Halafu, kwa vile miamba ya maji haileti maana, akaandika miamba ya baharini.

Malori yakaleta madude ya saruji, ya mviringo, yenye matundu, yale ya kuzamishwa baharini samaki wapate makao. Mkandarasi aliyapanga kwenye mto mkavu, akapiga picha, akaenda zake.

Jumatano, saa nne asubuhi, bahari ikaja. Ilikuta miamba yake, ikaizunguka. Saa kumi ikapwa, kesho yake ikarudi. Mbuzi waliionja wakapiga chafya. Pasta alihamishia ubatizo pale, akalalamika tu kwamba maji hayafuati saa za ibada.

Daktari Mulki, mtaalamu wa mambo ya bahari, akatumwa kupima maji, na chupa zake na kisahani cheupe cha kuzamisha kuona uwazi wake. Alimweleza Kanyiva kwamba miamba hupunguza mwendo wa maji, rutuba inatulia, na vijimea visivyoonekana kwa macho vinazaana mpaka maji yanakuwa kijani. Kisha chaza hushika kwenye saruji, wanavila, na aina za vijimea zinabadilika.

"Kwa hivyo vijimea vinakula vizuri," Kanyiva alisema.

"Vizuri sana, mama."

"Na mambomba, daktari?"

Mulki alifungua faili. Mradi wa maji, Nuu: umekamilika.

Mwezi uliofuata Nzomo alipigilia ubao aliotumiwa na Mulki, ambaye alisomea Pwani, wanakoita maji yasiyo na chumvi maji baridi. Ubao ulisema: KISIMA KISICHIMBWE HAPA. MAJI BARIDI HUUA VIJIMEA.

"Sisi hata ya moto tungechukua," Kanyiva alisema.

"Hiyo siyo maana yake, mama," Nzomo alisema, akaanza kumsahihisha.

Kanyiva alimngoja amalize, akaweka kamba kichwani, akaenda kuteka maji. Siku hizi ni kilomita nane, kwa sababu bahari ikijaa lazima azunguke.