Amekufa au Amepona?

Siku za kazi Shadrack alikuwa wakala wa forodha pale mpakani Tunduma. Jumapili alikuwa mkalimani wa Kanisa la Kilele cha Utukufu, na hiyo ndiyo kazi aliyotaka watu wamjue kwayo.

Hakuna aliyewahi kuuliza anamtafsiria nani. Waumini wote walijua Kiswahili. Akina mama waliovuka kutoka Nakonde, upande wa Zambia, ambao Mchungaji Damiano aliwaita "wageni wetu wa kimataifa", walizungumza Kinamwanga sawa na nusu ya kanisa, na baadhi yao walikuwa mashangazi wa wanakwaya. Lakini Mchungaji alikuwa ameona kwenye simu yake kwamba makanisa makubwa yana mkalimani, basi na la kwake likapata.

Kiingereza cha Shadrack kilikuwa cha makaratasi ya mizigo, ila alikivisha suti. Mchungaji akiruka, naye anaruka. Mchungaji akifuta jasho, naye anafuta, hata mwezi wa saba wazee wanapokuja kanisani na makoti. Mara nyingine alimaliza sentensi kabla Mchungaji hajaianza, na watu wakapiga makofi. Mkewe Irene, asiyejua Kiingereza hata cha salamu, ndiye aliyepiga makofi kuwazidi wote.

Ikafika Jumapili ya Mataifa. Mchungaji alitaka mhubiri kutoka Lusaka, mwenye viatu vya kuchongoka. Wazee wa kanisa wakagoma. Safari hii walimtaka Mama Tabita, mwinjilisti wa Ikinga kule Ileje, kwa kuwa ndiye aliyewafundisha kusali wangali watoto. Mchungaji akakubali kwa shingo upande, akamwita yule mama ofisini kabla ya ibada ili amwelekeze.

"Mama, ukifika mwisho wa sentensi, panda. Watu wa hapa wanapenda mhubiri apande."

"Nipande wapi tena, baba?" Mama Tabita aliuliza, akichungulia ngazi za jukwaa. "Goti langu hili bovu."

Mchungaji akamvuta Shadrack pembeni. "Leo wewe ndiye utakayembeba. Akilegea, jaza."

Mama Tabita alipanda ngazi taratibu, akaomba kiti, akakaa. Kitenge chake kilikuwa kimepauka. Kijana wa kamera alimtazama Mchungaji kama anayeomba ruhusa ya kurekodi kitu kingine.

"Watu wawili walikwenda kusali," akaanza Mama Tabita.

Shadrack akavuta pumzi, akasema kwa Kiingereza kwamba watu wawili mashuhuri, wenye hatima kubwa, walipanda mlimani kutwaa kilicho chao. Mama Tabita akasubiri. Alishangaa jinsi Kiingereza kilivyo kirefu.

"Mmoja alijua kusali. Alisali vizuri, hata yeye mwenyewe alijisikia. Mwingine alikuwa mtoza ushuru."

Kanisa zima likageuka kuutazama mstari wanaokaa mawakala wa forodha. Kicheko kikapita. Shadrack naye akacheka, akatafsiri kwa kuruka.

"Yule mtoza ushuru hakuwa na maneno. Alisema tu, Mungu, nihurumie. Na huyo ndiye aliyesikiwa." Mama Tabita akalikanda goti lake. "Mimi nilikuwa kama yule wa kwanza. Nilijua sala ndefu. Kisha mume wangu akaugua. Usiku ule sala zangu zote zilinikimbia, nikabaki na hilo neno moja, nihurumie. Kulipokucha, mume wangu akafa."

Sasa, mdomo wa Shadrack ulikuwa na njia yake uliyoizoea. Katika kanisa lile hajawahi kufa mgonjwa wa jukwaani. Mgonjwa wa jukwaani huingia hoi, hutoka mbio. Basi kabla Shadrack hajafikiri, mdomo ukapita palepale unapopita siku zote: kulipokucha, mume wangu akainuka, mzima kabisa! Mkono wake ukapaa juu. Mpiga kinanda, ambaye hufuata mkono wala si maneno, akabonyeza vitufe vyote alivyoweza. Viti vya mbele vikalipuka kwa amina.

Mama Tabita aliwatazama.

"Mnashangilia nini?" akauliza.

Kinanda kikafifia. Ndipo mtu mmoja akasimama kwenye benchi la nyuma, mwanamume mnene mwenye koti la kazi. Alikuwa Lucky, dereva wa lori kutoka Zambia, aliyekuwa akingoja mzigo wake uruhusiwe kupita. Spika za kanisa zilikuwa zimemfuata hadi kwenye maegesho, na kwa kuwa hakuna mahali pa kuzikwepea, akaamua kuja aone. Kiswahili chake kidogo alikiokota kwenye gereji, na humo neno la kwanza kujifunza ni kufa: injini imekufa, betri imekufa.

"Samahani, mukwai," alisema, kwa neno la heshima la kwao. "Bwana ya mama, yeye imekufa ama imepona? Mama anasema imekufa. Huyu anasema imepona. Mimi nataka kujua."

Hakuuliza kwa utani.

"Alikufa, baba," Mama Tabita alimjibu. "Tulimzika kwetu Ikinga, mvua inanyesha." Kisha akamgeukia Shadrack. "Mwanangu, kwani wewe umewaambiaje?"

Shadrack aliwahi kuwajibu maofisa wa forodha wa nchi mbili bila kupepesa macho. Hapo akakosa pa kuyaweka. "Nimesema amepona, mama."

"Nani kakuambia?"

"Hakuna."

Wachache walicheka, wakajikuta wanacheka peke yao. Mama Tabita akauliza nani mwingine hajui Kiswahili. Hakuna mkono ulioinuka.

"Basi shuka ukakae na ndugu huyu. Mwambie ninachosema. Usiongeze."

Shadrack aliweka kipaza sauti chini, akashuka. Kutoka jukwaani hadi benchi la nyuma palikuwa mbali kuliko alivyodhani. Mchungaji akampa kijana wa kamera ishara arekodi maua.

Mama Tabita akaendelea, naye Shadrack akanong'ona. Mama alisema kwamba alimkasirikia Mungu muda mrefu. Alisema lile neno moja lilibaki, akawa analisema akichota maji, akipalilia mahindi, bila nguvu. "Sijui kwa nini mume wangu hakupona. Ninachojua, sikuachwa peke yangu. Hilo ndilo nililokuja kusema."

Ili kunong'ona, Shadrack alilazimika kwanza kusikiliza, na kazi hiyo ilikuwa ngeni kwake. Alipofika kwenye neno "nihurumie", Kiingereza chake kikamwishia. Alichokipata ni msamaha wa kodi tu.

"Uluse," Lucky alilitaja neno hilo kwa Kibemba, akiinamisha kichwa. "Ninaelewa."

Halafu akamweleza kwamba mkewe alizikwa Ndola yeye akiwa kwenye foleni ya malori mpakani hapa, na kwamba wahubiri walimwambia imani yake ilikuwa pungufu. Shadrack hakutafuta la kuongeza. Alimshika mkono tu, mpaka Mama Tabita alipoomba maji ya kunywa, na watu wakagundua kwamba mahubiri yameisha.

Mchungaji Damiano alirukia kipaza sauti ili kuiokoa ibada. Kijana wa mitambo akadhani ndiyo ishara yake, akafungulia mashine mpya ya moshi, na kwaya ikaimba wimbo wa ushindi huku ikikohoa.

"Umeniaibisha mbele ya mataifa," Mchungaji alimwambia Shadrack baadaye. Kazi ya ukalimani akapewa Edson, kijana mwenye magoti mazima, anayeruka juu zaidi.

Ila video ya ibada ilishatoka mtandaoni. Kijana wa kamera aliikata vizuri sana: Mama Tabita kwenye kiti, sauti ya Shadrack, akainuka mzima kabisa, kinanda, amina. Shadrack alikwenda kuomba ifutwe.

"Hatujawahi kupata video iliyotazamwa namna hii," Mchungaji alisema. "Watu wanabarikiwa."

Ndipo Shadrack akapiga simu Ikinga, akaomba radhi.

"Wajukuu wamenionyesha, wakanitafsiria," Mama Tabita alisema. "Majirani waliochimba kaburi wamekuja kuniuliza yuko wapi." Akacheka. "Usijilaumu sana, mwanangu. Ulitaka apone. Hata mimi nilitaka."

Shadrack akahamishia simu sikio la pili.

"Na yule dereva, alifika kwao salama?"

"Sijui, mama. Namba yake ninayo."

"Sasa mimi unaniongelesha nini? Mpigie."