Chombo Kilichopakwa Siagi

Jumatatu, tarehe 14 Machi 1955. Tangu alfajiri mvua ndogo ilikuwa ikinyesha juu ya kambi yetu ya mgodi karibu na Ntoto, na ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye paa za nyasi. Msitu hatukuuona, tuliusikia tu ukidondosha maji.

Nilipomaliza sala ya asubuhi, nilimkuta mke wangu Mukabaranga amekaa kitandani na binti yetu Godelieve mapajani. Kando yake kulikuwa na mzigo uliofungwa kwa kamba. Mtoto alikuwa ameharisha usiku kucha, mara ya tatu tangu Noeli.

"Ladislas," aliniambia, "mvua ikikatika, mimi narudia Ngungu na mutoto. Maji ya hapa iko inamumaliza."

Kwenye karatasi za serikali, Ngungu na Ntoto ni nchi moja. Kwetu sisi wafugaji wa milimani, msitu huu wa Walikale ulikuwa ng'ambo. Hakuna ng'ombe, macho hayafiki mbali, na mto una rangi ya chai. Kuchemsha tulichemsha, siku tulizopata kuni kavu. Kule Ngungu, chini ya boma la baba mkwe wangu, maji yanatoka kwenye jiwe jeusi, baridi hata meno yanauma. Mukabaranga alikuwa akiyaota. Mimi pia niliyaota, lakini sikumwambia. Nilikuwa nimetia kidole kwenye mkataba wa miaka mitatu, wakati ule sijui hata herufi moja, na ulikuwa umebaki mwaka na nusu.

Nilimwita Floribert, muuguzi wa kambi, mwenyeji wa Ntoto. Alimpima mtoto, akautazama mzigo.

"Mama, ukimubeba siku ine mu mvua hii, utafika Ngungu na nguo yake tupu," alisema. "Anapaswa kunywa maji safi tangu leo. Njia iko mbili. Kuna maji ya chupa ya Ulaya, kule kantini. Nitakuandikia barua wakupe. Ao filtre, chombo ya kuchuja maji. Bibi ya enjenia anarudia kwao, anauzisha yake."

Mukabaranga aliusukuma mzigo chini ya kitanda, bila kuufungua.

Nilichagua chupa kwanza, kwa sababu chupa haidai elimu. Nilileta sita. Jirani yetu Léontine, mzaliwa wa msitu, alikuja kuziangalia. Mukabaranga alionja, akakunja uso.

"Hii maji haina harufu. Haina kwao."

"Iko na kwao, dada!" Léontine alicheka. "Imepanda meli, imepanda lori, imefika kwako na kofia ya chuma ku kichwa. Na wewe unaikunjia pua kama bibi ya gavana!"

"Na ile yenu ya mutoni, dada, ndiyo ilikufundisha kusema sana hivi?"

"Ndiyo hiyo! Na meno yangu yote iko!"

Mukabaranga alicheka, mara ya kwanza katika wiki nyingi. Lakini alimnywesha mtoto kwa kijiko kama anayempa dawa, na jioni nilimwona amesimama mlangoni, uso kuelekea mashariki, ambako hakukuwa na kitu ila miti.

Jumatano Godelieve alikubali uji. Alhamisi habari ilifika kwamba lori limezama kwenye matope kabla ya daraja, na kantini ikazifungia chupa zilizobaki, zisitolewe tena. Nyumbani tulikuwa na mbili.

Basi akiba niliyokuwa naiwekea baiskeli niliipeleka kwa bibi ya enjenia. Nilirudi na chombo: mitungi miwili ya udongo, mmoja juu ya mwingine, na ndani ya ule wa juu vijiti viwili vyeupe vya udongo, kama mishumaa minene. Maji hupita polepole ndani ya vijiti hivyo na kuacha uchafu wake nje. Chombo kilikuwa na karatasi ya Kifaransa. Niliipeleka kwenye darasa la jioni, kwa katekista Hubert, tukaisoma neno kwa neno: visuguliwe kwa brashi na maji matupu, visitiwe sabuni, visiguswe na mafuta. Nilikuwa na miaka thelathini na nane, na ilikuwa karatasi ya kwanza maishani mwangu kunipa agizo nikalielewa. Nilimshukuru Mungu njia nzima. Nilipofika niliikunja, nikaiweka ndani ya kitabu changu cha sala. Mke wangu sikumwambia kitu.

Ijumaa, nikitoka kazini, nilisimama nje ya nyumba yangu nisiweze kuingia. Harufu ilinizuia. Ilikuwa moshi wa nyasi za kwetu, zile ambazo mama zetu hufukizia vyombo vya maziwa. Kwa muda mfupi nilikuwa Ngungu, ng'ombe wanarudi, mama yangu ananiita.

Halafu nilikiona chombo. Mtungi wa chini ulikuwa mkavu. Nilifunua ule wa juu: maji yamejaa, hayashuki. Vile vijiti vyeupe vilikuwa vya manjano, vinang'aa.

"Umefanya nini?" niliuliza kwa sauti mbaya.

"Nimekipokea," alisema Mukabaranga. "Chombo mupya kinaingia mu nyumba bila moshi na siagi? Mimi sikulelewa hivyo."

"Karatasi inakataza mafuta! Sasa kimeziba!"

"Karatasi gani?"

Niliinamisha macho. Chini ya kitanda, kamba ilikuwa imelegea. Mzigo ulikuwa wazi. Nyasi zilitoka humo, na kikopo cha mwisho cha siagi aliyopewa na mama yake, Verdiane, kilikuwa kimekwanguliwa mpaka chini. Mtu anayeondoka hapotezi siagi ya mama yake juu ya chombo cha nyumba anayoiacha. Alikuwa ameamua kubaki, na mimi nilikuwa ninamfokea.

Nilipiga magoti, si kwa sala tu. Nilitoa karatasi katika kitabu, nikamsomea yote, kidole kikifuata maneno, nikimfasiria. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Ungalinisomea jana," alisema.

Jumamosi Léontine alituletea kuni kavu kutoka darini kwake. Floribert alisema tuchemshe vijiti na kuvisugua, tuvichemshe tena, mpaka mafuta yasionekane juu ya maji. Tulifanya hivyo mara tano, yeye akisugua, mimi nikichochea moto. Chupa ya mwisho ilikuwa imebaki nusu.

Jumapili baada ya ibada, Hubert, Floribert na Léontine walikuja kuangalia. Tulikaa kuzunguka mtungi. Tone lilianguka. Lingine likafuata. Floribert aliagiza maji ya kwanza yamwagwe, nasi tukangoja tena. Mukabaranga alikinga kikombe, akanywa yeye kwanza, akafumba macho.

"Iko na moshi kidogo," alisema. "Moshi ya kwetu."

Kisha akampa Godelieve, na mtoto akanywa hadi mwisho, akadai tena.

"Nitabaki," Mukabaranga aliniambia. "Lakini hii si maji ya ku jiwe. Ile yenyewe, nitaikunywa lini? Sema, hawa watu wakusikie."

"Sema, kaka," Léontine alisema. "Mimi nasikia muzuri, na sisahau."

Nilisimama, nikavua kofia.

"Papa Hubert, Floribert, dada Léontine, musikie. Hakuna karatasi itaingia tena mu nyumba hii bila mimi kumusomea Mukabaranga. Na mwezi wa tisa mwaka kesho, mukataba ikiisha, sitatia tena kidole. Nitabeba muzigo wake mimi mwenyewe mpaka Ngungu, na Godelieve atakunywa ku jiwe."